Mbuzi wa Kumi Katika Kompyuta ya Sista

Jumatatu, 9 Juni

Daftari jipya! Mchungaji alisema jana kwamba asiyeandika shukrani zake huzisahau, na alipokuwa akisema alinitazama mimi. Basi naandika.

Nashukuru kwa uhai. Nashukuru kwa Lodwar, mji ulionipokea miaka sita iliyopita nikiwa na begi moja na bisibisi tatu, baada ya mradi wangu wa sungura kule Murang'a kufa pamoja na sungura wenyewe. Nashukuru kwa kioski changu hapa Kanamkemer, Kamande Kompyuta Kliniki. Bango nimelichora mwenyewe. Wiki iliyopita mama mmoja aliniletea mtoto anayekohoa. Nilimpa maji ya kunywa nikamwelekeza zahanati. Huduma ni huduma.

Shukrani kuu ya leo: Sista Chepkemoi wa zahanati ya misheni amenipigia simu. Mimi! Si Mutua! Mutua ana duka la vioo kule mjini karibu na stendi. Ana feni mbili na kiti kinachozunguka. Ni mtu mwema sana, na huo wema wake ndio unaonikera. Sista alisema wana kompyuta ya zamani inayogoma. Kisha akataja, kama mtu anayetaja jua, kwamba mwezi ujao zahanati itapata kompyuta mpya saba na itatafuta fundi wa kuzilea.

Saba!

Aliuliza kama nimewahi kushika mashine za mwaka wa tisini na moja. Nikasema ndizo hasa nilizosomea. Mwaka huo nilikuwa na miaka miwili, lakini hakuuliza umri.

Wahu, mke wangu, alikuwa mlangoni akisikiliza. Akauliza nilizisomea wapi. Nikamwambia kuku hawana maji.

Jumanne, 10 Juni

Nimefika zahanati saa mbili kamili, shati jeupe, kalamu nne mfukoni. Mezani kulikuwa na kisanduku cha rangi ya maziwa ya mgando, kimo cha mtungi wa maji wa lita ishirini, na usoni skrini ndogo ya nyeusi na nyeupe. Nikachungulia chini ya meza. Nikachungulia nyuma ya kabati. Sista akauliza natafuta nini. Nikasema natafuta kompyuta yenyewe. Akakigusa kile kisanduku.

Nikamwarifu pia kwamba kipanya kimepoteza kitufe kimoja. Akasema kilikuja na kimoja tu tangu Padre wa misheni alipokileta. Nikaandika kitu kwenye karatasi ili nionekane nilikuwa nampima.

Sasa jambo lenyewe. Hayati Padre alikuwa na desturi ya kuchapa ndani ya mashine hii kila mtoto aliyezaliwa hapa. Rejista ya karatasi ililiwa na mchwa. Sista alinionyesha kilichobaki: majalada mawili na uzi wa katikati. Kwa hiyo miaka kumi ya watoto wa Lodwar imo ndani ya kisanduku hiki na si mahali pengine popote duniani.

Karibu na benchi walikaa watu wawili wanaokihitaji. Mmoja ni Amuria, fundi cherehani kutoka Kakuma, mwanamke mpole mwenye sindano mbili zimechomekwa kwenye kola. Wa pili ni mjomba wake, Mzee Lokwang, mfugaji wa mbuzi, amekalia kigoda chake mwenyewe na kulidharau benchi letu. Amuria alizaliwa zahanati hii mwaka wa tisini na tatu. Mama yake alifariki. Ukame ukaja, mbuzi wakaisha, na mjomba akampeleka kambini Kakuma akamwandikisha kama mtoto wa wakimbizi ili apate mgao wa chakula. Mtoto akala, akaishi. Lakini jina likabaki kwenye orodha ile, na baadaye alama za vidole nazo. Sasa ana miaka thelathini na miwili, hana kitambulisho, na kila akiomba anaambiwa yeye ni mgeni. Chuo kimoja cha ufundi kimempa nafasi ya kufundisha ushonaji. Nafasi inangoja kitambulisho.

Jumatano ijayo, tarehe kumi na nane, kamati ya kuwasikiliza watu kama yeye itakaa Kakuma. Inataka kuona rejista asilia ya kuzaliwa. Si barua, si picha ya simu. Asilia.

Mzee Lokwang hakuniangalia aliposema. Aliangalia sakafu.

"Niliandikisha huyu mtoto mimi. Kosa ni yangu, si yake."

Nikajikuta nimeahidi kwamba kufikia Ijumaa itakuwa tayari. Kisha nikawasha mashine. Chini ya skrini vikaanza kujitokeza vipicha vidogo, kimoja kimoja, kutoka kushoto kwenda kulia. Tisa. Ikatulia vizuri. Sista akabonyeza rejista, akaandika neno lake la siri, na katikati ya skrini likatokea bomu. Bomu la kuchora, duara, lenye utambi unaowaka!

Nikaruka nyuma. Mzee Lokwang akacheka mpaka akakohoa. Nashukuru angalau mtu mmoja alipata furaha leo.

Jumatano, 11 Juni

Nimemwambia Sista mashine inahitaji siku moja ya mapumziko. Ukweli ni kwamba mimi ndiye nilihitaji siku moja ya kusoma. Alinipa kitabu cha maelezo kilichokuja nayo, kinene, kimejaa mchanga. Nimekisoma kioskini tangu asubuhi, na wateja wawili nimewafukuza.

Nimeelewa! Vile vipicha ni programu ndogo ndogo zinazoingia kompyuta inapoamka na kukaa ndani ya memori mpaka izimwe. Huziiti, hazikuulizi. Moja inachunga saa, moja inachunga virusi, moja inalinda mafaili kwa neno la siri. Memori yenyewe ni ndogo mno, kwa hiyo zinabanana humo, na mbili zikigombania nafasi moja, bomu.

Tena kuna siri. Ukishikilia kitufe cha herufi kubwa wakati mashine inaamka, hakuna hata moja inayoruhusiwa kuingia. Mungu ni mwema! Nikaenda mbio zahanati. Nikashikilia kitufe. Hakuna kipicha, hakuna bomu. Nikampungia Sista mkono kama mtu aliyefunga bao. Akabonyeza rejista. Haikufunguka. Mlinzi wa neno la siri naye alikuwa amefungiwa nje pamoja na wenzake, na bila yeye rejista ni faili la takataka.

Na wakati huo huo nani anaingia? Mutua. Sista alikuwa amemwita atoe maoni ya pili. Akaitazama mashine, akaizunguka, akamwambia Sista wazi kwamba hajawahi kuona kitu cha namna hiyo na hangependa kukiharibu. Akaaga akaenda zake.

Nimeshangaa sana. Mtu mzima, mwenye duka la vioo, anakiri mbele ya mteja kwamba hajui! Nashukuru sikulelewa hivyo.

Alhamisi, 12 Juni

Siku ndefu. Nusura niangamize kila kitu.

Kitabu kinashauri hivi: zigawe programu mafungu mawili. Toa fungu moja, washa, jaribu. Bomu likitokea, mbaya yumo ndani ya waliobaki. Gawa tena. Nilimweleza Mzee Lokwang kwa maneno makubwa. Akanitazama kwa huruma. Akasema hata mtoto wa miaka saba anajua hayo. Kama kuna mbuzi anayewanyonya wenzake usiku, hukai kumwangalia mmoja mmoja. Unagawa zizi. Asubuhi unaangalia ni upande gani viwele viko tupu, kisha unagawa upande huo. Akasema watu wa viazi tunachelewa kujua mambo. Yeye huniita hivyo, mtu wa viazi, kwa sababu nimetoka Murang'a. Nimemzoea.

Basi tukagawa zizi. Wanne nje, watano ndani: bomu. Kati ya wale watano nikatoa wawili: bomu likatoweka! Nikamrudisha mmoja: hakuna bomu. Nikamrudisha wa pili: bomu! Nimemkamata! Na ni nani? Yule mlinzi wa neno la siri!

Nikampiga teke. Yaani nilimburuta kwa kipanya nikamtupa kwenye kapu la taka lililo pembeni mwa skrini. Nikatangaza ushindi. Nilikuwa nimeshafungua menyu ya kumwaga taka moja kwa moja, kidole kiko kwenye kitufe kile kimoja, Mzee Lokwang aliponishika mkono.

"Ngoja, mtu ya viazi. Kelele iko mahali mbwa iko. Lakini mbwa si mwizi."

Nikamuuliza mbwa gani. Akasema yule niliyemtupa. Yeye ndiye mwenye ufunguo, sivyo? Mbwa hubweka kwa sababu fisi yuko karibu. Nikimfukuza mbwa, kelele itakwisha, ni kweli, na asubuhi mbuzi nao watakuwa wamekwisha.

Nikafikiria kama ningemwaga lile kapu. Amuria alikuwa nyumbani kwa shangazi yake, akishona kwa amani, anaamini kuna fundi kazini. Miaka kumi ya watoto. Nikamtoa mlinzi kwenye taka, nikampangusa, nikamrudisha mahali pake.

Mungu, asante kwa Mzee Lokwang. Naandika kwa herufi kubwa ili nisisahau: ASANTE. Sijamwambia yeye mwenyewe kwa sababu angenicheka.

Ijumaa, 13 Juni

Leo tumemwacha mbwa ndani muda wote na kugawa waliobaki. Nane, wanne, wawili, mmoja. Haikuchukua hata saa moja. Fisi ni samaki.

Samaki! Kuna programu inayoleta samaki wa kuogelea kwenye skrini usipoigusa mashine kwa dakika tano. Nikauliza kwa sauti nani aliweka upuuzi huu. Sista Chepkemoi akaanza kuzungusha rozari yake. Kisha akakiri, kama yuko kitubioni, kwamba wakati wa Pasaka aliikuta disketi ya samaki kwenye droo ya Padre. Padre alipenda sana samaki, kila alipopata nafasi alikwenda ziwani Eliye Springs kuwatazama tu, hakuvua. Basi Sista akaiweka, akafuata maelekezo kwenye karatasi, na tangu siku hiyo jioni hukaa kidogo akiwatazama. Rejista ilikuwa haijafunguliwa tangu Krismasi, ndiyo maana hakujua.

Nikasema samaki watoke. Akasema sawa. Macho yake yakasema mengine. Sikuweza. Mimi ni mtu wa mipango, si mtu wa mawe.

Nikarudi kwenye kitabu. Kumbe programu zinaingia kwa mfuatano wa alfabeti! Jina la samaki linaanza na A, la mlinzi liko mbali huko nyuma, kwa hiyo samaki wanaingia kwanza wanalala kwenye kitanda cha mlinzi. Mzee Lokwang akasema tatizo dogo, mbuzi aliyevaa kengele atangulie. Na kitabu kinasema ukiongeza nafasi tupu mbele ya jina, linakuwa la kwanza kabla hata ya A. Nikagusa jina la mlinzi, nikaongeza nafasi moja tupu mbele yake. Nikawasha upya.

Mlinzi wa kwanza. Samaki wa pili. Wengine saba nyuma. Sista akaandika neno la siri. Rejista ikafunguka!

Sista alipiga magoti palepale. Akatafuta jina la Amuria kwenye orodha, akasema yumo. Hakufungua kadi yake. Alisema kadi ya mtu hufunguliwa mwenyewe akiwapo. Mzee Lokwang alitoka nje akasimama uani muda mrefu akiangalia upande wa mto, na aliporudi aliniomba tumbaku. Situmii tumbaku. Nilikwenda nikamnunulia.

Furaha niliyo nayo leo haiandikiki.

Jumamosi, 14 Juni

Mtu mwenye furaha hupata mawazo.

Nilirudi zahanati kuisafisha mashine kwa safari, maana printa ilikufa zamani na disketi zake hazisomwi na kompyuta yoyote ya leo. Itabidi twende Kakuma na kisanduku chenyewe. Kwenye droo ya Padre nikakuta disketi nyingine. Programu ndogo inayoonyesha tangazo mashine inapoamka. Unaandika maneno yako, yanapita kwenye skrini kwa herufi nene.

Nimefikiria kwa makini. Jumatano kutakuwa na kamati nzima. Kutakuwa na watu ukumbini wamejaa hadi nje. Wote watatazama skrini moja. Mutua mwenyewe na feni zake hajawahi kupata nafasi kama hii. Nikaandika: KAMANDE KOMPYUTA KLINIKI, KANAMKEMER. TUNATIBU. Na namba ya simu.

Ili lipite kwanza kabla ya yote, nikatumia elimu mpya. Mlinzi ana nafasi moja tupu mbele ya jina. Mimi nikaweka mbili.

Nikawasha. Likapita vizuri ajabu! Rejista sikuijaribu, Sista alikuwa ameenda misa na neno la siri analo yeye. Lakini ilifunguka jana, na jana ni juzi juzi tu.

Nyumbani nikamweleza Wahu. Akaacha kuchambua maharagwe. Akasema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Nikamjibu biashara ni matangazo. Akasema haya. Alivyosema haya sikupenda.

Jumapili, 15 Juni

Kanisani. Nimetoa ushuhuda. Nilimshukuru Mungu kwa kunipa akili.

Baada ya ibada Mutua alinifuata akanipongeza, akanipa waya wa umeme wa akiba unaoingia kwenye mashine za zamani, aliutafuta kwenye stoo yake. Hakutaka chochote. Nimeukagua waya huo mara tatu. Sijaona hila. Lazima ipo.

Jumatano, 18 Juni

Nimerudi. Naandika kabla sijalala kwa sababu nikilala nitajifanya sikumbuki.

Tulitoka Lodwar alfajiri kwa gari la misheni, Sista akiendesha, mimi nimeipakata mashine ndani ya blanketi, Mzee Lokwang na Amuria nyuma. Amuria alishona blanketi lile kingo usiku wa kuamkia leo ili lisinifumukie mikononi. Njiani aliniuliza mara moja tu kama inawezekana isiwake. Nikamwambia haiwezekani.

Ukumbi ulikuwa na soketi moja na haikuwa na umeme. Nje kuna kijana wa Sudan Kusini, Mabil, ana kibanda cha kuchaji simu kwa sola. Akasikia habari, akavuta waya mrefu hadi ndani, akawaondoa wateja wake wote ili nguvu itoshe. Waya wa mashine ulikuwa umekatika njiani. Nikatoa ule wa Mutua. Ukaingia sawasawa. Haya, naandika: asante Mutua.

Zamu ya Amuria ilifika saa sita na nusu. Mwenyekiti, mama mwenye miwani kwenye mnyororo, alisema kamati inafunga saa saba na kuondoka, na haijulikani itarudi lini. Labda mwakani. Nikabonyeza swichi. Mashine ikaamka. Tangazo langu likapita, herufi nene, hadi mwisho. Mwenyekiti alilisoma kwa sauti, pamoja na namba ya simu. Nyuma mtu mmoja akapiga makofi. Kwa sekunde kama nne nilikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote Turkana.

Sista akaandika neno la siri.

Bomu.

Askari aliyekuwa pembeni alilitazama, akasogea nyuma hatua tatu, akamwambia mwenyekiti asogee pia. Watu wa mbele wakainuka. Ilibidi Sista asimame juu ya kiti na rozari yake mkononi aeleze kwamba ni picha tu. Nikazima, nikawasha. Tangazo. Neno la siri. Bomu. Saa sita na dakika arobaini.

Nikasema ni umeme. Naona aibu kuandika hili. Nilisema umeme wa sola wa Mabil ni dhaifu, na yule kijana aliyefukuza wateja wake kwa ajili yetu akainamisha kichwa akaenda kukagua betri zake. Amuria alikuwa amesimama mbele ya meza, mikono imeshikana. Alikuwa ameacha kuangalia skrini. Alikuwa anaangalia mlango, kama mtu ambaye ameshazoea kutokea hapo.

Nikawasha mara ya tatu. Vipicha vikaanza kupita chini. Mzee Lokwang, aliyekuwa kwenye kigoda chake, akainama mbele.

"Hawa si mbuzi ya Ijumaa."

Nikamwambia anyamaze kidogo. Hakunyamaza. Akasogea na kigoda chake mpaka pua ikakaribia kioo. Mwenyekiti akamuuliza amejuaje, amehesabu?

"Mimi sihesabu mbuzi. Najua uso yao. Hii ya mbele si yetu. Imepita mbele ya ile ya kengele."

Ukumbi mzima ukageuka kunitazama. Amuria naye akageuka. Akauliza taratibu sana.

"Fundi, hiyo namba ya simu si ni yako?"

Nilikuwa na majibu matatu tayari, yote mazuri. Lakini uso wake ulikuwa pale mbele yangu, na saa ya ukutani ilikuwa pale, na nikakumbuka kwamba mtu huyu alishona kingo za blanketi.

"Ni yangu," nikasema. "Niliiweka mimi."

Nikazima. Nikashikilia kitufe cha herufi kubwa, nikaiamsha ikiwa tupu, nikamtoa mbuzi wa kumi nikamtupa kwenye kapu, nikamwaga. Nikawasha upya. Mashine ile huamka polepole kama mzee. Mlinzi. Samaki. Mzee Lokwang alikuwa akiwatazama mmoja mmoja, anatikisa kichwa kuwakubali. Wa tisa alipoingia akasema ejok, yaani vyema kwa Kiturkana, kama anasalimia nyumba. Saa sita na dakika hamsini na mbili, Sista akaandika neno la siri, rejista ikafunguka.

Mwenyekiti akavaa miwani akasoma. Amuria, msichana, amezaliwa tarehe kumi na nne Machi, mwaka wa tisini na tatu, alfajiri. Uzito kilo mbili na gramu mia tisa. Jina la mama. Jina la babu. Mahali: Lodwar. Na chini kabisa Padre alikuwa ameongeza mstari wake mwenyewe: mtoto analia kwa nguvu sana, mama anacheka.

Mwenyekiti aliusoma mstari huo mara mbili, na mara ya pili sauti yake haikuwa ya kamati. Amuria akaweka mkono juu ya kisanduku, pale juu penye joto. Akasema hakujua kwamba mama yake alicheka. Mjomba wake akafunika uso kwa shuka. Mimi pia nililia, sioni haya kulisema, na yule askari naye alikuwa na kitu jichoni.

Walipiga muhuri. Niliusikia muhuri ukigonga karatasi.

Nilitoka nje nikamwomba Mabil msamaha. Akasema si kitu, betri zilikuwa sawa, alijua. Akanipa soda ya moto. Ee Mungu, umenizungushia watu wema kila upande na sijui wanafanya nini karibu nami.

Alhamisi, 19 Juni

Sista ameniita. Nilienda nikiwa tayari kufukuzwa. Akasema kazi ya zile kompyuta mpya saba amempa Mutua, kwa sababu anahitaji fundi anayesema hajui asipojua. Kisha akasema hii ya zamani inabaki kwangu, maana sasa hakuna mwingine anayeijua, na mbuzi wake wamenizoea. Lakini nimwahidi kwamba sitaongeza kitu chochote ndani yake. Nikaahidi. Kwa moyo wote!

Amuria amenitumia shati kupitia gari la misheni. Amelishona mwenyewe, la bluu, na juu ya mfuko ametarizi mbuzi mdogo. Nimelivaa siku nzima. Wahu alimtazama mbuzi huyo muda mrefu, akasema mwanamke yule ana akili.

Nashukuru kwa shati. Nashukuru kwa kitambulisho kinachokuja. Nashukuru hata kwa aibu, imenifunza.

Jumamosi, 21 Juni

Habari kubwa! Habari za Kakuma zimeenea. Sista anasema wamejitokeza watu wengine arobaini na mmoja waliozaliwa zahanati yetu na kukwama kama Amuria. Kamati imekubali kuja Lodwar yenyewe Jumatatu, kwa siku hiyo moja tu, iwasikilize wote mbele ya kile kisanduku. Mzee Lokwang atakuwapo kuwatambua mbuzi. Nimefurahi hadi nimeshindwa kula. Watu arobaini na mmoja!

Na ndugu zao. Na kamati. Wote wanatazama skrini moja.

Nimekaa na kitabu cha maelezo mchana kutwa, nikalitafakari kosa langu kwa unyenyekevu, kama Mchungaji anavyotufundisha. Na nimelipata. Disketi ya tangazo ilikuwa bado kwenye droo ya Padre, na jioni nimekwenda nikaichomeka. Ahadi nayo ilikuwa nisiongeze kitu, na hiki si cha kuongeza, kilikuwamo, narudisha tu. Mbuzi wa kumi hakuwa na ubaya wowote. Kosa la Kakuma ni kwamba mbele ya jina lake niliweka nafasi tupu mbili peke yake.

Safari hii nimeweka tatu.